Upande wa Vifungo

Jumamosi, 3 Mei

Nimemeza uzi. Kweli kabisa! Nilikuwa nimeubana kwa meno, Kitinda akanichekesha, ukaenda. Hana haya huyu mdogo wangu. Tangu asubuhi amekaa juu ya kitanda changu anatafuna njugu na kutoa amri.

Anachotaka ni gauni la mama, lile la kwenye picha. Nimshonee vile vile lilivyo, alivae, kisha nimpige picha amesimama mlangoni kama mama alivyosimama. Halafu zikae pamoja ukutani, ya mama na yake. "Dada, wewe si unajua vyote viwili? Basi viunganishe." Mama alifariki huyu akiwa bado ananyonya, mimi nikiwa na miaka mitano. Kitinda hamkumbuki hata kidogo. Ndiyo maana nimeshindwa kumwambia hapana.

Shida ni wakati. Kukaa mapokezi pale kliniki ya meno kunanila wiki nzima. Zinabaki siku mbili, na mapenzi yangu mawili yanazigombania kama wake wenza. Nikikaa kwenye cherehani, kamera inaninunia kabatini. Nikitoka na kamera, kitambaa nilichokwisha kukata kinalala mezani mpaka kinashika vumbi. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha kushona, kwenye cherehani hii hii ya dada yake, na kila akija ni wimbo ule ule: nishike moja niache lingine, la sivyo nitakuwa fundi nusu na mpiga picha nusu. Baba hasemi kitu. Lakini Baba hasemi kitu kuhusu jambo lolote.

Nimejiwekea sheria. Jumamosi cherehani, Jumapili kamera. Tuone.

Jumapili, 4 Mei

Leo siku ya kamera, na kazi ya kwanza ya kamera imekuwa kupiga picha ya picha.

Inakaa chumbani kwa Baba, kwenye fremu aliyoitengeneza mwenyewe. Ndiyo pekee tuliyo nayo. Nyingine zilipotea tulipohama. Nilimkuta barazani na kufuli zake — hata Jumapili hapumziki, watu wanamletea kufuli mpaka nyumbani. Nikamweleza. Alifuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani, akaishusha kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga. "Isilale nje," akasema. Basi. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akilitaja jina la mama. Husema "mama yenu". Siku nyingine "yule" tu.

Nimeipigia dirishani, bila kung'aa, nikaifungua kwenye kompyuta ikajaa kioo chote. Gauni la mistari myembamba, kola bapa, vifungo kutoka shingoni mpaka kiunoni. Na kile kidoa cheusi chini ya jicho, shavu la kushoto.

Mimi changu kiko kulia. Nikiwa mdogo nilikuwa najitazama kwenye kioo nikiona nimefanana naye mpaka doa. Halafu tukapigwa picha shuleni. Nikaiona, doa liko upande mwingine! Kumbe kioo kilikuwa kinanidanganya. Nililia wee, nikachukua penseli nikajichora jingine shavu la pili. Kitinda mpaka leo ananitania kwamba mimi ni nakala iliyokosewa. Nacheka naye. Lakini inauma kidogo, sijamwambia.

Jumanne, 6 Mei

Daktari kanifokea mbele ya mgonjwa. Nilibandika filamu ya jino kwenye ubao wa taa kinyume, nusura agange upande usiouma. "Kidoti! Angalia kidoti kwanza!" Kila filamu ina kidoti kidogo pembeni, ndicho kinachokuambia huu ni uso au ni mgongo. Najua, najua. Nilikuwa nawaza kola.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeshona kutwa. Mgongo hausikii dawa, lakini roho imetulia.

Kitu kimoja nimekigundua leo kuhusu mama! Vifungo vyake vinafunga kiume. Sisi wanawake upande wa kulia huja juu ya wa kushoto, shati la mwanamume ni kinyume chake. Kwenye picha, wa kushoto uko juu. Nimekuza mpaka picha ikawa punje tupu, ndivyo ulivyo. Mikono yangu ilikataa. Kila nikikunja inarudi ilikozoea, nikawa naifokea kwa sauti, "Fuata picha, we!" Lakini nimefurahi mno. Mama alikuwa na mambo yake! Alikaa kwenye kiti hiki hiki, akaamua atafunga anavyotaka yeye, nani wa kumuuliza. Miaka yote ameniachia sura tu. Leo kaniachia tabia.

Matundu ya vifungo nimeyakata. Nyuzi ziko mpaka ndani ya chai.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya kamera. Nimejaribu mwanga pale mlangoni. Saa kumi unaingia ubavuni, laini, unafaa. Nikiwa nafuta lenzi nimekuta kauzi ka mistari ya gauni kamenasa. Wale wake wenza wameanza kutembeleana.

Nimewaza jambo. Kwenye cherehani nakuwa na haraka ya kumaliza, kwenye kamera nakuwa na subira ya kungoja. Ni watu wawili, na wote ni mimi. Mama mdogo akiniambia nimuache mmoja huwa sijui nimfukuze yupi.

Jumatano, 14 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mama mdogo kaja jioni kuona gauni. Kitinda kalivaa, akazunguka. Mwanzoni Mama mdogo alishika mdomo, machozi yakamlenga. Kisha akavuta kiti karibu, akashika ukingo wa vifungo, akaangua kicheko.

"Mwanangu, umemshonea mdogo wako shati la mwanamume?"

Nikamwambia ndivyo mama alivyoshona. Hata! akasema. Dada yake, aliyemfundisha yeye kupima na kukata, afunge gauni hivi? Nikaenda kumletea picha kwenye kompyuta. Nilikuwa nimevimba kichwa, nakiri. Akaitazama kwa muda mrefu. Akasema taratibu kwamba picha hii ameiona miaka yote, na kila mara anamwona dada yake kama kanuna kidogo, kama si yeye sawasawa, na hajawahi kujua kwa nini.

Nilikaa chini. Pale pale juu ya mabaki ya kitambaa. Kidoti cha Daktari kilinijia kichwani.

Picha imesafishwa kinyume! Zama zile za filamu, fundi wa studio akiiweka filamu mgongo juu, kulia kunatoka kushoto, na nani atajua? Hakuna maandishi kwenye picha, hakuna saa mkononi. Kuna vifungo tu. Mimi ninayejiita mpiga picha sikuona. Mimi mshonaji niliona kwa vidole kabisa, nikavifokea.

Na kama vifungo vimegeuka, doa nalo limegeuka. Basi liko kulia. Kama langu.

Nikamuuliza Mama mdogo. "Kulia!" akajibu papo hapo. Halafu akanyoosha kidole hewani, kama dada yake amesimama mbele yake. "Ngoja. Kulia kwangu au kulia kwake?" Akajaribu mkono huu, akajaribu ule. "Jamani, nimesahau." Akaanza kulia. Kisha akasema jambo jingine, likanimaliza: kipindi kile mama alikuwa na mtindo wa kuchukua mashati ya Baba yaliyochoka na kuyaunganisha na sketi. Kwa hiyo huenda ni shati la Baba kweli, limefungwa lilivyozaliwa, na picha haina kosa lolote.

Kitinda alikuwa kasimama na gauni lake. Mimi nikaenda kuchemsha chai.

Ijumaa, 16 Mei

Kwenye kompyuta kuigeuza ni kubofya mara moja. Nilikaa mbele yake muda mrefu kabla ya kubofya.

Si mtu mwingine. Lakini si yule. Mdomo umekaa vizuri zaidi, jicho limechangamka, anaonekana kama aliyekaribia kucheka. Na doa liko mahali pangu. Nikajishika shavu, bila kufikiri. Nimelia, basi, naandika hapa hapa hakuna wa kuniona.

Kinachonitesa ni hiki: nilidhani namkumbuka. Nikifumba macho namwona ananiinamia, doa likiwa kushoto. Kumbe nilikuwa naikumbuka picha? Yeye mwenyewe yuko wapi basi?

Mchana nimeichapisha, saizi ile ile ya fremu. Ninayo kwenye mkoba. Anayejua ni Baba peke yake. Aliutazama uso ule hai, si karatasi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimegombana na Kitinda. Nilitaka kulifumua gauni, nisubiri kwanza nijue ukweli. Picha inageuzika kwa kubofya, gauni lina matundu yaliyokatwa, itabidi kola na kifua vishonwe upya kutoka mwanzo. Kalinyakua likiwa chini ya sindano, nusura vidole vyake viende nalo.

"Wewe ulikaa naye miaka mitano! Mimi mama yangu ni yule wa ukutani. Sasa unataka kumbadilisha?"

Kwake nageuza mtu, sigeuzi picha. Nikamwambia basi, sifumui. Nikamwambia lakini kwa Baba nitauliza. Akasema, "Uliza. Mimi sitaki kusikia." Kisha akarudi kuniomba uzi wa kuongezea pindo. Ndiye huyo, Kitinda.

Nimemshonea pindo. Nimegundua kwamba bila cherehani nisingeishuku picha, na bila kamera nisingekuwa na cha kugeuza. Mama mdogo akirudi na wimbo wake nitamwambia hivyo. Au nitanyamaza, maana nusu ya kilio chake ni mimi.

Jumapili, 18 Mei

Naandika kwa haraka, mezani, kamera ingali shingoni.

Saa kumi mwanga ulikuja kama nilivyoupanga. Kitinda kasimama mlangoni, gauni limemkaa. Baba alikuwa barazani na tupa yake, anasugua ufunguo. Akainua kichwa. Tupa ikasimama. Alimtazama Kitinda, kola, vifungo. Vifungo alivitazama sana. Akarudia ufunguo wake, lakini alikuwa anasugua upande usio na meno.

Nikapiga moyo konde. Nikatoa ile niliyoichapisha, nikamwekea juu ya goti. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, kuhusu filamu na fundi wa studio. Yote yaliyeyuka. Nikasema tu, "Baba, mama alikuwa hivi, au vile alivyo ukutani?"

Alifuta mikono kwenye suruali. Akafuta tena. Akaishika kwa mikono miwili. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama. Nikaona kidevu chake kinacheza. Kisha akainuka — kufuli zikamwagika zote — akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kitinda hakuondoka mlangoni. "Nipige basi, mwanga unakwenda," akasema, sauti haina nguvu. Nikampiga moja tu. Sijui imetoka vipi, sijaiangalia. Sasa amekaa kizingitini anaokota kufuli moja moja, anazirudisha kwenye boksi, gauni linafagia sakafu na hajali.

Nimesikia msumari ukiguna ukutani. Ameishusha ile ya zamani. Anazitazama zote mbili, bila shaka, moja mkono huu, moja mkono ule.

Kitinda kaniuliza kwa macho. Nimeinua mabega.

Sasa ameita! Sauti haikuwa kubwa, lakini nimesikia, na Kitinda amesikia maana kaangusha kufuli. Hakuita jina langu. Ameita la mama. Jina zima, wazi, kama mtu anayelitumia kila siku. Sijui anaiita ile picha au ananiita mimi.

Anaita tena. Naenda