Nusu Siku Montevideo

Mjukuu wangu, mume wangu Baraka,

Huku Louisville sote tu wazima, ila goti langu linajifanya mzee kuliko mimi. Shangazi yako wa Columbus anakusalimu.

Unauliza: meli yenu ikitia nanga Montevideo nusu siku, kati ya sehemu kumi ulizoorodhesha uende wapi?

Bon, haya basi, nilipokuwa msichana meli ya ziwani ilitushusha Kigoma nusu siku. Nilipania kuona soko na stesheni. Lakini kwetu hupiti mji wenye ndugu bila kubisha hodi, nikaanza kwa shangazi wa baba, nisiyewahi kumwona.

"Utaondoka bila kula? Nani kakulea wewe?" akafoka, na kuku bado anatembea uani!

Sahani ilifika honi ikilia. Nilikimbia na paja la kuku mkononi, nikapanda wa mwisho, abiria wakinicheka. Soko silijui mpaka leo, lakini kicheko cha shangazi yule ningekitambua popote.

Huko huna shangazi, maskini. Chagua sehemu moja, uketi, umsalimu aliye karibu. Ila rudi kabla ya honi, maana meli ndiyo kazi yako. Hizo tisa nitaziona kwenye simu. Mimi nataka kujua huyo mtu atakuuliza nini.

Bibi yako