Shorobo Amechuja

Jumatatu, 3 Machi
Chai, kisha penseli. Tumbo limeisha, mkia pia. Bado mabawa. Nachora vile wachoraji wa karne ya kumi na nane walichora: ndege mfu, amesimamishwa kwa waya mgongoni, unyoya mmoja mmoja. Madam Achieng anataka hivyo kwa maonyesho yake. Akimpenda huyu shorobo, ndege wa kijani mwenye wekundu ndani ya mabawa, nimepata ukuta mzima wa kutundika picha zangu. Akimkataa, narudi kuchora vichwa kwa kuta za vinyozi kule mtaa wa Kimbo. Sitaki. Nimechoka na vichwa.

Ndege mwenyewe aligonga dirisha la fleti mpya hapa Ngoingwa, akafia kwa tope. Kesho namwosha.

Jumanne, 4 Machi
Ngai! Nimemwosha na sabuni ya unga, maji yakawa mekundu. Nikadhani ni damu. Ni rangi ya mabawa! Imechuja kama leso mpya. Amekauka, na ule wekundu umebaki waridi, tena madoadoa. Na sikuwa nimechora bawa hata moja. Nani huosha ndege na sabuni? Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaribu wekundu wa nyanya. Uongo. Wa tofali. Uongo zaidi. Achieng anakuja Jumatatu.

Nikampigia dada yangu Njeri, nikalia kwa simu. Akacheka, karibu nimkatie. Kumbe hao ndege wako kwake Gatongora, wanakula matunda ya mugumo, ule mtini mkubwa nyuma ya ploti, kelele kila asubuhi. Mbona hukuniambia? "Si wewe ulikuwa unataka wafu?"

Jumamosi, 8 Machi
Gatongora. Nimekalia ndoo, shingo inauma. Wako wawili. Wanarukaruka kwa matawi, kijani tu, kijani tu. Nikaanza kuwatukana. Njeri akaniletea uji akaniambia ninyamaze, nawafukuza.

Kisha mmoja akavuka hadi mti wa pili, mabawa wazi. Wekundu huo! Bitiruti ikikatwa, na jua nyuma yake. Nimepiga kelele mimi mwenyewe.

Na jicho lina duara jekundu, linang'aa. La mfu lilikuwa limekauka, na mimi nililichora hivyo hivyo. Aibu.

Jumapili, 9 Machi
Sijaenda kanisani. Mungu anisamehe, si ni yeye alimpaka hiyo rangi. Jicho nimelifuta, nimechora jingine. Bawa nimelifungua lote.

Jumatatu, 10 Machi
Achieng amekuja na kioo cha kukuzia. Ameangalia, ameangalia. Kisha akataka kumwona ndege, alinganishe. Hilo sikuwa nimelifikiria! Nikamletea na madoa yake. Nikasema yote, na sabuni.

Alicheka mpaka akashika meza. Wekundu wa shorobo huchuja kwa sabuni, akasema, wengi washashikwa hapo. Akarudi kwa picha. Akapitisha kioo kwa jicho, kisha kwa bawa, unyoya mmoja mmoja.

"Huyu mfu nenda umzike, mama. Ukuta ni wako."

Ukuta ni wangu. Aki nimepumua. Alipotoka nililala kwa sakafu, nikicheka peke yangu.

Jumanne, 11 Machi
Nimemzika nyuma ya nyumba, kabla ya jua kali. Nilimwambia pole na asante. Njeri amepiga: wale wawili wamerudi. Nimeenda mikono mitupu, hata penseli sikubeba. Tumekaa hapo, mimi na yeye, tukawaangalia wakila.