Kidole Chako na Mafuta ya Karafuu

Mpendwa Mama Kulwa,

Mapacha wako wazima, na mimi nipo. Ila leo nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira zenyewe ni juu yako. Najua marehemu hagombwi. Lakini ulipokuwa hai tuligombana kila siku na hatukuwahi kuachana, kwa hiyo nivumilie.

Siku walipopunguza watu kazini kwetu, nikarudi nyumbani na nguo zangu za kazi kwenye mfuko, hukulia. Ulisema tu kwamba sasa mimi ndiye nitakayepika. Kesho yake ukaenda kusimama kwenye geti la kiwanda cha minofu ya sangara, ukachukuliwa kibarua. Mimi nikabaki nyumbani Mkuyuni na watoto, nikajifunza kusonga ugali, na majirani wakapata la kusema. Jioni ulirudi umechoka, unanuka samaki, unaniuliza kama mama wa nyumbani ameshinda salama. Nilikuwa nacheka. Siku hizi hakuna anayenitania.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria miaka ile, sokoni kila kitu kilikuja, ndipo ukanunua kile kichupa cha mafuta ya karafuu. Siwezi kuyasema vibaya. Jino lililokukosesha usingizi lilitulia kwa pamba yenye tone moja tu. Basi ukayapenda kupita kiasi. Ukataka kumtilia Doto kwenye uji, eti kikohozi kitaisha. Nikakunyang'anya kijiko, nikakuambia mtoto mdogo hanyweshwi kitu chenye ukali ule. Tulinuniana mpaka jioni, lakini kwa mtoto ulinisikia.

Kwa kidole chako hukunisikia. Mwiba wa pezi la sangara ulipita kwenye glavu iliyochanika, ukakuchoma. Nilikuambia tuyachanganye yale ya karafuu na mafuta ya kula, tone kwenye kijiko, kama karatasi ya kichupa ilivyoelekeza, halafu twende zahanati. Ukanicheka.

"Dawa isiyowasha si dawa, Baba Kulwa."

Ukayamimina hivyo hivyo matupu, asubuhi na jioni, macho umeyafumba, pindo la kanga mdomoni. Ngozi ikawa nyeupe, ikaanza kumenyuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Ukasema ni uchafu unatoka. Baadaye maumivu yakaisha, ukaniringia kwamba umepona. Nikikutajia zahanati unakuwa mkali, maana kibarua akikosa siku moja, mwenzake keshasimama getini. Hilo nalijua. Ndiyo maana hasira hizi sijui nizipeleke wapi.

Mkono ulipovimba mpaka kiwiko na homa ikakushika, tulikupeleka hospitali. Daktari alikuwa mpole, hakukufokea. Alinivuta pembeni akanieleza kwamba mafuta yale kweli yanaua vijidudu, lakini yakitumika makali bila kuchanganywa yanaunguza hata nyama iliyo hai, tena yanatia ganzi. Ganzi ndiyo iliyokudanganya. Juu palikuwa kimya, kumbe chini vijidudu vilishafika kwenye mfupa, na sasa vilikuwa kwenye damu. Walikuchoma sindano, wakakutundikia maji. Nikakaa nakupepea na kipande cha boksi, nikasali sala za kanisani, zilipokwisha nikaongeza za bibi yangu wa Kisesa.

Nimekukumbuka sana, mke wangu. Nikipita wanapouza karafuu nabadili njia, mtu mzima mimi. Wala siwakatazi watu kuyatumia mafuta yale. Jirani akiniuliza, namwambia achanganye, asimnyweshe mtoto, na kidonda kikivimba aende hospitali hata kama hakiumi. Wengine wananiita daktari wa karafuu. Waache. Laiti mmoja wao angekuwa wewe.

Kuna jambo hulijui. Asubuhi yako ya mwisho ulinituma kiwandani nimwambie msimamizi kwamba Jumatatu unarudi, asimweke mtu mahali pako. Nilikwenda. Nilimkuta mwanamke mwingine kwenye meza yako, amevaa gwanda lako, lile ulilolishona kwapani kwa uzi wa bluu. Msimamizi alinipa pole, akaendelea na kazi yake. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia. Nilipofika hospitali ukafumbua macho kwa shida.

"Wamesemaje?"

Nikakuambia wanakusubiri. Nikakuambia msimamizi kasema hakuna anayekata minofu kukushinda, ukipona nenda tu, meza yako ipo. Ukatabasamu, ukaushika mkono wangu kwa ule mkono wako mzima, ukalala.

Ulikufa ukiwa na kazi, Mama Kulwa.

Ni mimi mumeo,
Baba Kulwa