Sindano ya Kisigino Kutoka Kwenye Intaneti

Mpendwa Mshauri, naomba msaada maana nimeshikwa pabaya, mie ni mke wa fundi nguo hapa Temeke, mume wangu Haroub anashonea cherehani ya kukanyaga, na tangu Mfungo Sita kisigino chake cha kulia kinamuuma, ule mshipa mgumu wa nyuma umevimba, asubuhi anatembea kwa kushika ukuta, daktari akamwambia apunguze kukanyaga na awe ananyanyua kisigino polepole kama mazoezi, itachukua miezi, akaudhika, akasema miezi yote hiyo nani atashona, basi mpwa wake Farhan anayefanya kazi kwenye kompyuta mjini akamletea makaratasi ya Kiingereza kutoka kwenye hiyo intaneti, moja linasema alale asitembee kabisa, jingine linasema atembee, la tatu linasema sindano moja ndani ya mshipa na wiki moja umepona, hilo ndilo alilolishika, na mwenye duka la dawa amekubali kumchoma Jumamosi, nikimwambia ngoja kwanza ananijibu, “Wewe unabishana na Amerika?” na mie Kiingereza sijui, je, ninyamaze?

Maisa, Temeke

Bi Maisa,

Ulifanya vyema kumtuma dada yako Hamisa alete barua kwa mkono, maana kwa posta ingefika mgonjwa ameshachomwa. Niliyomwambia siku ile nayarudia hapa, kwa kuwa makaratasi ya namna hii yameanza kuzagaa mjini.

Pole sana. Lakini kutojua Kiingereza hakukuzuii kuuliza. Nani kaandika? Ni daktari au muuzaji? Na mbona hayo makaratasi yenyewe hayapatani? Kwenye intaneti anayejua na anayebahatisha wote wanaandika, hakuna anayewachuja. Daktari niliyemuuliza anasema sindano kama hiyo ikiingia ndani ya mshipa ule inaweza kuudhoofisha hadi ukakatika.

Hamisa amenieleza yaliyofuata. Ulipomuuliza Farhan maswali hayo, alisoma lile karatasi la tatu mpaka chini, akakuta maelezo ya kuagiza dawa yenyewe. Akamwambia, “Mjomba, hawa wanauza.” Haroub alikasirika, chakula akakisusa, lakini Jumamosi hakwenda.

Sasa msiyachome hayo makaratasi. Mpelekeeni daktari yule yule aliyempa mazoezi ayasome mbele yenu, awaambie lipi la kweli na lipi la kutupa. Kukanyaga cherehani kanyaga wewe, na kama hujui kushona, jifunze. Yeye akate vitambaa akiwa amekaa. Mazoezi ayafanye hata akinuna. Kununa hakuumizi mshipa.