Bunduki Nisiyoiuza

Mjukuu wangu Baraka,

Sisi hapa mjini Shively wazima. Babu yako magoti yanamsumbua, mdomo haujambo. Pole na theluji ya huko kwako Buffalo.

Unauliza kwa nini siuzi bunduki ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, na sijaua nayo hata kulungu mmoja.

Niliinunua kwa mtu nikiwa msichana, mgeni huku. Inajipakia risasi yenyewe, lakini magazini, kile kikasha cha risasi, ilikuwa imelegea, inadondoka kila nikifyatua, na nyingine haikupatikana dukani. Siku moja porini kulungu akasimama mbele yangu. Nikalenga. Hapo akatokea mzee mmoja mwindaji. Mtu mzima anapita, mimi ninyamaze? Nikamwamkia, nikamuuliza habari za mkewe, za watoto, za kazi. Kulungu alivumilia mpaka habari za watoto, akaondoka zake.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa na bunduki kama yangu, na magazini ya ziada, akanipa. Miaka mingi tulilenga makopo pamoja shambani kwake, mkewe akituchomea mahindi.

Sasa ujumbe wako, mjukuu wangu, ulianza na bunduki, bila hata shikamoo. Wewe ungempata kulungu. Magazini usingeipata.

Bibi yako