Udongo wa Dada Mgeni

Talha, bajaji yetu ilishaondoka kituo cha Gerezani ndipo Swaumu, mkamwana wa dada yangu Mgeni, akatuzimikia na mimba yake ya miezi saba. Viganja vyeupe pee!

Hospitali nesi kauliza, "Vidonge vya damu alikuwa anameza?"

Dada akadakia, "Nilimkataza mimi! Mtoto angenenepa, apasuliwe. Nilimpa udongo, unatuliza kichefuchefu."

Udongo, Talha! Ule anaouza Kariakoo! Mimba nzima!

Nesi akamwambia, "Bibi, udongo unakausha damu, na damu ya mama ndiyo chakula cha mtoto!"

"Mbona mimi niliula, nikazaa sita?"

Swaumu anaongezewa damu. Mtoto katoka njiti. Daktari anasema akipona huenda akachelewa kukaa na kusema. Dada karudi kwenye kizimba chake sokoni, anauza udongo.