Mgongo Wangu na Begi la Kamera

Jumatatu, 2 Juni 2025

Bega la kushoto limegoma tena. Nimeamka siwezi hata kufunga sidiria. Wanzagi kanifungia huku anaangalia simu yake. Ndiye mume wangu huyo — mikono ipo, macho yako kwingine.

Nimeenda hospitali. Mtaalamu wa viungo kanisimamisha mbele ya kioo, kanionyesha: bega moja juu, moja limeshuka. Ndiyo faida ya miaka yote hii ya kuning'iniza begi la kamera upande mmoja. Harusi, kipaimara, mahafali, misiba, Musoma yote hii. Kasema nikiendelea hivi nitaacha kazi nikiwa bado naipenda. Nitafute begi la mgongoni, la kufunga kifuani na kiunoni, uzito ukae kwenye nyonga.

Jioni mama mkwe kapiga simu kutoka Butiama. Nikamweleza. Akasema mgongo wa mwanamke ukikaa bure lazima uume, ungekuwa umebeba mtoto ungenyooka wenyewe. Nikamwambia asante mama. Asante! Mimba zangu zote zilizotoka anazijua, alikuwepo. Na mimi namshukuru.

Alhamisi, 5 Juni

Nimezunguka mjini kutwa. Mabegi ya shule yenye katuni. Mabegi ya laptop, membamba kama bahasha. Moja jeusi, zuri kweli kwa macho — nimelivaa, likanipiga chini ya makalio. Muuzaji kaniambia, "Litakukaa tu dada, kuvaa ni kuzoea." Kuvaa ni kuzoea! Hata siku ya kuolewa waliniambia hivyohivyo.

Sitaki makubwa. Mimi natoka asubuhi narudi jioni, sihami nyumba. Kamera, lenzi mbili, flashi, betri, chupa ya maji, chapati, kitenge. Begi jepesi lenyewe, la mgongo mfupi kama wangu. Zipu iwe upande wa mgongoni, vibaka wa kwenye sherehe wasipapase. Mikanda minene. Basi.

Wanzagi kasikia ninavyolalamika. Kasema niende Bunda, kuna dada anaitwa Sara anauza mabegi ya mtumba karibu na stendi, anajua kazi yake. Mtu anauza vipuri vya pikipiki, wauza mabegi kawajulia wapi? Kasema Bunda ni ndogo.

Jumamosi, 7 Juni

Kisorya, na akina mama wa kanisa. Matembezi ya siku moja: kuona kivuko, kula sato, kuimba, kurudi.

Yunis, jirani yetu nesi, kaniazima begi lake la mgongoni. La mraba, gumu, lina sponji ndani. Nikasema litafaa. Weee! Nashuka tu kwenye gari, watoto wa pale wakatimka mbio wanalia: "Chanjo! Chanjo!" Mmoja kaingia ziwani na nguo zake. Nikacheka mpaka bega likauma.

Halafu akaja mama mmoja na mtoto mkononi na kadi ya kliniki. "Dada nesi, huyu wangu alikosaga ile ya miezi tisa." Kabla sijamweleza, kaniwekea mtoto mikononi aifungue kadi vizuri. Mzito, ana jasho, ananuka maziwa. Nikamwambia mimi ni mpiga picha tu. Nikamrudishia mtoto wake.

Picha za mchana hazina maana. Nusu nimezifuta.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata begi! Bunda, kwa huyo Sara.

Mdada mwembamba, mdogo kwangu kwa mbali. Kibanda cha mabati, mabegi mpaka juu, na nyuma mtoto wake wa kiume amelala juu ya robota la mitumba. Nilipotaja jina langu na kwamba nimetumwa na Wanzagi wa vipuri, akaacha kukunja alichokuwa anakunja. Kisha akanikaribisha kiti. Nani anamkaribisha mteja wa mtumba kiti?

Ana mabegi halisi ya kamera. Wenzake wakifungua robota wanang'oa zile sponji za kugawanya ndani. Wanadhani ni za kuwekea chupa, wanazitupa ili begi liwe na nafasi. Yeye amezihifadhi kwenye kiroba, kila moja anajua ni ya begi lipi. Nikampenda hapohapo, mjinga mimi.

Nikachukua la kijani nikalivaa, nikasema hili. Akanivua. "Begi tupu kila moja ni zuri, dada. Ngoja nilijaze." Akaweka kamera yangu, akaongeza sabuni za miche na mawe ya mzani. Akaniambia nitembee mpaka kwenye bomba la maji na kurudi. Niiname. Nikae, nisimame. La kijani likaninyonga shingo. La pili likanisukuma kiuno mbele. La tatu, la kijivu, limechakaa kidogo pembeni — nilipolivaa akaja nyuma, akapitisha kiganja kati ya begi na mgongo wangu. Akakaza mikanda ya chini, akalegeza ya juu, akanifunga ya kiunoni kwanza halafu ya kifuani. Taratibu, kama mtu anayefunga mtoto. Uzito ukashuka wote kwenye nyonga. Sikuamini! Bega likawa kimya.

Ana maneno lakini. Nachoka upesi? Nyumbani nina mtu wa kunisaidia? Watoto wakinisumbua kwenye picha, huwa ninakasirika? "Unawapigaga?" Nikamwambia sijawahi kumpiga mtoto wa mtu, na picha zangu nzuri zote ni za watoto wasumbufu. Akasema basi hilo ndilo lako, na akapunguza bei bila kuombwa.

Mtoto akaamka, akaja kuchungulia ndani ya begi. Nikajaribu ile zipu ya mgongoni, kamera ikatoka kirahisi, nikawapiga picha wawili hao pale mlangoni. Sara hakutaka kucheka. Mtoto alicheka.

Alhamisi, 12 Juni

Buhare, mahafali ya ushonaji. Kutwa nzima wima, na begi mgongoni. Haliumi popote! Nimerudi nyumbani kwa miguu kwa raha zangu tu. Wanzagi kauliza Sara nimemwonaje. Nikasema mtu mzuri. Akasema, "Eeh, ni mtu mzuri," akaenda kuoga.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa wifi Stellah kaja kula. Nikamfungulia picha za wiki kwenye laptop. Kisorya, Buhare. Nikafika ile ya mlangoni Bunda.

"He! Bernado kakua hivi!"

Halafu akashika mdomo.

Bernado ni marehemu baba mkwe. Na katika ukoo huu jina la mzee halipewi mtoto wa mpita njia. Linasubiri mjukuu wa damu, wanakaa kikao. Nimeambiwa hayo kila mimba ilipoingia: akiwa wa kiume jina lipo. Kumbe jina limeshatoka! Limeshatembea, limeshaota meno.

Nikamtazama tena yule mtoto. Masikio ya Wanzagi kabisa. Mimi ninayejivunia jicho langu, nilimlenga, nikabonyeza, sikuyaona masikio.

Wifi kasema tusamehe wifi, sisi wote tulikuwa tunaogopa kukuumiza. Sisi wote. Kula hakula, kaondoka.

Jumatatu, 16 Juni

Sijasema na Wanzagi. Sijapika.

Jumatano, 18 Juni

Leo kasema yeye. Kakaa kwenye stuli ya jikoni kama mtuhumiwa, na mimi nakata mchicha.

Kwamba ilitokea tu. Kwamba alikuwa na mawazo, baada ya ile mimba ya mwisho. (Mimi sikuwa na mawazo. Mimi nilikuwa na damu tu.) Kwamba Sara amepata mchumba wa Ukerewe, anaolewa, na huyo mwanaume hataki mtoto wa mwenzake. Kwamba mama mkwe anamtaka mjukuu. Na Sara akagoma. Akasema hamtoi mwanawe kwa mwanamke ambaye hajamwona kwa macho.

Ndiyo maana nikatumwa Bunda. Nilikuwa natafuta begi, kumbe napelekwa kukaguliwa! Kiti kile, maswali yale, kiganja kile mgongoni. Nilimpa mgongo wangu mwenyewe, nikatembea na kurudi, nikainama nilipoambiwa niiname.

Nikamuuliza Wanzagi, na kama ningekataliwa? Akasema, "Hukukataliwa, Dorkas." Kwa sauti ya kunipongeza kabisa. Nikamrushia mchicha. Ningekuwa na mwiko ningemrushia mwiko.

Mama mkwe kapanga Jumamosi. Kwao mtoto wa namna hii haingii mwenyewe. Mke wa nyumba anampokea langoni, anafungiwa mgongoni kwa kitenge kipya, anaingia naye mpaka ndani. Akishambeba, mtoto ni wake, hakuna wa kumwita wa nje tena. Na mke naye mdomo unafungwa palepale. Hatanung'unika, hatauliza yalianza lini, hata miaka kumi ipite. Kwa hiyo nikimbeba, hasira yangu yote hii niimeze. Nisipombeba, mtoto anarudi barabarani na mimi ndiye niliyemrudisha.

Jumamosi hiyohiyo nina kazi Butiama, walimu wastaafu wanatembelea makumbusho. Mama mkwe kasema kwenye simu, unaona, Mungu kapanga. Mungu huyu mbona anashauriana naye peke yake?

Nilitaka kulitupa hili begi. Nimelishika mpaka kwenye shimo la taka, nikarudi nalo. Sina jingine, na bega haliumi. Hilo ndilo linaloniuma: kanichagulia vizuri.

Jumamosi, 21 Juni. Butiama

Naandika nimekaa juu ya jiwe nje ya lango la mama mkwe, kwenye uzio wa minyaa. Nimewaambia nabadilisha betri. Wamekubali, hawajui betri inabadilishwa vipi.

Walimu nimewamaliza saa saba. Wazee wazuri, wanasimama wima mbele ya kamera kama wako gwaride. Nikaja huku kwa miguu, begi mgongoni, limefungwa lote. Sikulivua hata nilipokunywa maji.

Uani wamejaa. Stellah hanitazami. Wanzagi kavaa shati nililolipiga pasi mimi wiki iliyopita, kabla sijajua ni la leo. Mama mkwe ana kitenge kipya mkononi, bado kina gundi ya dukani. Kanifuata hadi langoni: "Shusha huo mzigo wako, mama, mgongo ukae tayari." Mama! Tangu niolewe ameniitaga kwa jina. Leo ndiyo nimekuwa mama, hata kabla ya kubeba.

Sara yuko barabarani na bodaboda inayomsubiri. Mama mzazi haruhusiwi kuvuka lango. Kavaa nguo ya kanisani. Nilipita karibu naye, sikuwa na namna. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Jumapili, machafu, nimeyapanga vizuri. Akaniuliza, "Dada, halikuumizi?"

Nikasema, halina shida.

Ndiyo hayo tu tuliyoongea. Namchukia. Nataka kumchukia zaidi ya hapa na sijui nishikie wapi, maana na yeye leo anaondoka mikono mitupu.

Bodaboda kawasha pikipiki. Kazima. Kawasha tena.

Mtoto katoroka uani, kaja mwenyewe hapa kwenye jiwe. Sweta jekundu, kamasi. Kaniuliza mama yake akienda anarudi lini. Hawa watu wazima wote, vikao vyote hivyo, na hakuna aliyemwambia! Nimempa kifuniko cha lenzi achezee. Kakishika kwa mikono miwili, kasimama palepale, kaegemea goti langu kama mtu ananijua.

Mama mkwe anaita. Mara ya pili hiyo. Kitenge kakikunjua, nakiona kutoka hapa.

Mkanda wa kifuani nimefungua. Wa kiunoni bado.